Apolonia na Msichana Aliyejifunza Kutosikia

Shangazi yangu Apolonia Wrzos alikuwa mfumaji wa kitani kijijini kwetu Wólka Olszowa. Homa nyekundu ilimpata akiwa na miaka minne, ikapona, ila masikio yake hayakurudi tena. Maneno machache aliyokuwa ameyajua kabla ya homa alibaki nayo mpaka uzeeni: mama, maji, njoo, sitaki. Hilo la mwisho ndilo alilolitumia zaidi. Fundi magurudumu wa kijiji cha pili alipokuja kumposa na soseji zake mkononi, Apolonia alimwona anavyoupima kwa macho ule uwanda wetu wa nyasi kando ya kijito, akamwambia "sitaki" kabla hajakaa. Soseji alizichukua.

Baba yangu Walenty alikuwa mdogo wake kwa miaka sita. Bibi alikuwa akisema Walenty alijua kuongea kwa mikono kabla hajajua kuongea kwa mdomo, maana aliyemlea ni dada yake. Ishara zao walizitunga wenyewe. Padre alikuwa kitambi. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa sharubu zilizosokotwa. Wajerumani walipoingia, wao walikuwa kisigino kinachokanyaga kiganja.

Na walikanyaga kweli. Mwalimu wetu wa shule walimpiga risasi nyuma ya ghala. Ignacy, kaka mkubwa wa Apolonia na baba, walimchukua kufanya kazi Ujerumani, na kilichorudi ni karatasi moja yenye mhuri. Lakini yaliyowapata Wayahudi wa mjini yalikuwa ya aina nyingine. Mwezi Oktoba, mwaka wa arobaini na mbili, waliwakusanya wote uwanja wa soko, wazee na watoto wa kubebwa, wakawapeleka kituoni. Treni zilikwenda zimejaa, zikarudi tupu. Watu wa kwetu walikuwa wanazihesabu na kunyamaza.

Siku tatu baada ya hapo, baba alikwenda ghalani kuchukua majani ya ng'ombe akamkuta msichana amelala katikati ya mafungu ya kitani. Alimjua. Alikuwa Szyfra, binti wa Lejb Mandelbaum, mshona kofia wa uwanja wa soko, aliyekuwa akinunua kitani cha Apolonia kwa bitana za kofia zake. Kila mwezi Apolonia alipopeleka mzigo, Szyfra ndiye aliyekuwa akiupokea, na kwa miaka hiyo alikuwa ameshaokota ishara kumi au ishirini. Alikuwa na miaka ishirini na mbili. Kwao wote walikuwa wamepanda ile treni, isipokuwa yeye na mdogo wake Boruch wa miaka kumi na mitano. Walikuwa wamekimbia pamoja, wakapotezana porini.

Mama yangu Genowefa alikuwa ameolewa mwaka uleule. Hakuwahi kuyaficha aliyoyasema siku ile.

"Walenty, lile tangazo kuhusu wanaoficha Wayahudi umelisoma. Si yeye peke yake. Ni wewe, mimi, dada yako, na nyumba inachomwa juu yetu."

"Nimelisoma."

"Sasa?"

"Sasa nini, Genia? Nimwambie aende, halafu nirudi ndani nile viazi?"

"Mimi nimesema usile viazi? Nimesema watatuua!"

Wakiwa bado wanabishana, Apolonia alikuwa ameshamshika msichana mkono, amemketisha karibu na jiko, anamvua viatu vilivyolowa. Mama akamnyooshea kidole mlangoni. Apolonia akageuka, akasema kwa ile sauti yake nzito isiyojijua: "Sitaki." Akaendelea na viatu. Mama aliniambia baadaye, "Nilikasirika kwa sababu nilijua papo hapo kwamba yule msichana haondoki, na kwamba nitakuwa nampenda."

Tatizo lilikuwa ni wapi pa kumweka. Nyumba ilikuwa chumba kimoja kikubwa na kijichumba cha mtambo wa kufumia. Na jirani yetu Pelagia Duda hakuwa mtu wa kubisha hodi. Sura ya Szyfra haikuwa na neno, wasichana wa namna ile walijaa kwetu. Kilichomponza ni mdomo. Kipolishi alikijua tangu utotoni, lakini nyumbani walikuwa wakizungumza Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa kwetu, na mwimbo wa Kiyidi ulikuwa haujamtoka: sauti yake ilipanda pale ambapo yetu hushuka.

"Ukisema 'habari za asubuhi' tu," baba alimwambia, "hata kuku watajua baba yako alikuwa anashona kofia sokoni."

Szyfra alicheka, kisha akaziba mdomo kwa viganja, kama mtu aliyefanya kosa. Mama ndiye aliyesema, "Basi asiseme kabisa." Binamu yake mmoja, Marianna Kulik wa upande wa mashariki, alikuwa amekufa mdogo, na cheti chake cha ubatizo kilikuwapo kwa shangazi yao. Marianna afufuke, akiwa kiziwi tangu kuzaliwa.

Asubuhi iliyofuata walimjaribu. Szyfra alikaa akimenya viazi, mama akaangusha ndoo nyuma yake. Szyfra hakutikisika hata unywele. Mama akaangusha sufuria. Kimya, shingo imenyooka kama mlingoti. Akageuka kwa furaha kutazama watu wanasemaje. Apolonia alikuwa anacheka mpaka machozi yanamtoka. Alikaa juu ya benchi, akakaza shingo, akatoa macho, akamwigiza Szyfra vizuri mno hata baba naye akashindwa kujizuia.

"Anasema nini?" Szyfra aliuliza.

"Anasema wewe si kiziwi," baba alimjibu. " Wewe ni mtu anayejikaza asisikie. Kiziwi hajikazi, hana cha kukazia."

Hapo masomo yakaanza. Yalichukua wiki tatu, Szyfra akiwa amefichwa darini mchana na kushushwa mlango ukishafungwa kwa komeo. Apolonia alimfundisha kwamba kiziwi hatulii kuliko watu wengine, bali hutazama kuliko watu wengine. Akiingia mahali, kwanza anapitisha macho usoni kwa kila mtu. Wote wakigeuka, naye anageuka. Mlango ukifunguliwa, anaujua kwa ubaridi wa shingoni. Kitu kizito kikianguka kwenye sakafu ya mbao, anakijua kwa nyayo, na asipogeuka hapo ndipo atakapojulikana kuwa mwongo. Kikianguka kwenye udongo laini, hana habari nacho.

Lililokuwa gumu kuliko yote lilikuwa adabu. Szyfra alikuwa amelelewa vizuri. Aliweka kijiko polepole, alifunga mlango kwa mkono, alitembea juu ya vidole asisumbue watu. Mambo hayo yangetosha kumwua. Apolonia alimpokonya kijiko, akakibwaga mezani, akampa tena. Abwage. Tena. Aburute viatu. Afunge mlango kwa kishindo. Acheke kwa sauti yote, maana nani atamwambia kwamba inakera? Mama alisema wiki zile nyumba ilikuwa kama karakana ya mhunzi.

Na usingizini? Szyfra alikuwa akiota na kuongea, kwa Kiyidi, kwa sauti ya kueleweka. Apolonia asingeweza kumsikia. Kwa hiyo walilala kitanda kimoja, chini ya blanketi moja la manyoya, na Apolonia alilala ameweka kiganja chake juu ya koo la Szyfra. Koo likianza kutetema, anamwamsha. Karibu miaka miwili alilala hivyo.

Mwezi Novemba baba alimpeleka mpaka barabara ya kituoni kabla hakujapambazuka, akangoja mchana, akamrudisha kijijini kwa mkokoteni wa farasi, kila mtu akitazama. Pelagia alikuwa ameshafika uani kabla farasi hajafunguliwa.

"Huyu ndiye Marianna? Masikini! Na wewe Genowefa, mmoja hakukutosha?"

"Damu ni damu, jirani. Ningemtupa?"

"Sijasema umtupe. Mzuri wa sura, lakini. Hasikii hata kidogo?" Akamsogelea Szyfra kwa nyuma akamwambia sikioni, "Mtoto, sketi yako inaungua."

Szyfra alikuwa anamtazama farasi. Aliendelea kumtazama farasi.

Askari wa Kijerumani walikuja mwezi Machi, wakitafuta nafaka iliyofichwa. Walikuwa watatu, na mkalimani mmoja kutoka mjini. Walipindua magodoro, wakachoma majani kwa vyuma vyao, halafu mkubwa wao akasimama katikati ya chumba.

"Huyu nani?"

"Dada yangu, bwana. Kiziwi."

"Na huyu?"

"Binamu ya mke wangu. Kiziwi naye."

"Viziwi wawili, nyumba moja?"

"Wanapatana sana, bwana," baba alisema. "Mimi ndiye ninayeteseka. Wanavyobwaga sufuria, natamani niwe kiziwi wa tatu."

Mkalimani alitabasamu, lakini yule askari hakutabasamu. Szyfra na Apolonia walikuwa benchini wakikanda unga, migongo kwake. Aliinua bunduki akagonga sakafu kwa kitako, mara moja, kwa nguvu. Vichwa viwili viligeuka pamoja.

"Anasikia!" alipiga kelele. "Huyu mdogo anasikia!"

Lakini baba alijibu kwa utulivu kama anayezungumzia ng'ombe: "Na huyu mkubwa je, bwana? Wote wamegeuka. Ni mbao hizo, zimewatikisa miguu. Watoe nje, penye udongo, ujaribu."

Akawatoa. Theluji ilikuwa imeyeyuka, uani kulikuwa tope la kuzama viatu. Akawasimamisha wakitazama zizi, akapiga filimbi nyuma ya masikio yao, mara tatu, hata bata wakapiga kelele. Hawakugeuka. Akamnong'oneza kitu mkalimani. Mkalimani akasogea karibu na Szyfra, akasema kwa Kipolishi, taratibu na kwa upole: "Binti, wamejua. Kimbia sasa, sitawaambia."

Baadaye Szyfra aliniambia kwamba wakati ule alikuwa akitazama vifungo vya zizi na kuvisoma kimoja kimoja, cha mbao, cha mbao, cha waya. Hakumwambia mtu yeyote kama aliamini maneno yale au la. Bata mmoja aliyekuwa ameingiwa na hofu ya filimbi alipita mlangoni akaingia ndani kwenye unga. Apolonia alimwona. Akaacha askari, akaacha bunduki, akamkimbilia bata huku akipiga mayowe yake mabaya yasiyo na neno ndani, na Szyfra akamfuata nyuma akipiga mayowe yaleyale, mabaya vilevile. Mkalimani alicheka, na safari hii askari nao wakacheka. Waliondoka na bata wawili na nusu gunia la shayiri. Mama alikaa chini kwenye tope, akakataa kuinuka mpaka jioni ilipokaribia.

Ningependa kuishia hapo, kwa bata. Lakini ukafika mwezi Septemba.

Pelagia alikuja na maharage yake ya kumenya, akaketi katika kijichumba cha mtambo, maana huko kulikuwa na joto. Szyfra alikuwa anafuma, mgongo kwa watu. Apolonia alikuwa dirishani akisokota nyuzi, uso kwa Pelagia. Mama alikuwa anapiga pasi.

"Genowefa, habari za kwa mchoma mkaa umezipata?"

"Habari gani?"

"Walikuwa wamemficha mtoto wa mshona kofia. Yule mwenye nywele nyekundu." Akajigusa kichwani. "Boruch. Wamemkuta juzi. Wamempiga risasi hapo hapo kando ya tanuri, na mchoma mkaa, na mkewe. Wanasema mtoto alikuwa anamwita dada yake. Dada gani, na wote walishakwenda? Mungu awarehemu."

Mama hakuthubutu kuinua macho. Alisikia mtambo ukigonga mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Kisha ukasimama.

Apolonia alikuwa amesoma mdomo wa Pelagia, na ameuona mkono wake kwenye nywele. Aliona pia mgongo wa Szyfra. Aliinuka, akafika kwenye mtambo kwa hatua mbili, akashika nyuzi akazikata kwa mkono, nyingi, kazi ya siku tatu. Kisha akampiga Szyfra kofi la uso, kofi la kweli, akawa anamwonyesha zile nyuzi na kufoka: "Sitaki! Sitaki!"

Szyfra akalia. Alilia kama alivyofundishwa, kwa sauti yote.

"Apolonia, umechanganyikiwa?" Pelagia aliruka, maharage yakamwagika. "Unampiga mtoto wa watu kwa nyuzi? Mwache! Njoo, mwanangu, njoo. Mkono wake wa chuma huyu, hata mimi namwogopa." Akamkumbatia Szyfra, akamlaza kifuani, akamfuta machozi kwa aproni yake. Szyfra alimlilia mdogo wake kwenye kifua cha Pelagia Duda saa nzima, na Pelagia akimbembeleza kwa maneno anayoamini hasikii: nyamaza, mama, nyamaza, zitafungwa nyingine.

Pelagia alipokwenda zake, Apolonia alipiga magoti mbele ya Szyfra. Alichukua mkono wake akauinua mpaka shavuni kwake mwenyewe, akimwomba ampige naye. Szyfra hakumpiga. Aliweka paji la uso kwenye bega lake, wakakaa hivyo mpaka jiko likazimika.

Kesho yake Apolonia alifanya jambo ambalo hakuna aliyemfundisha. Zamani, bibi yake Szyfra alipofariki, Apolonia alikuwa amepeleka kitani kwa kina Mandelbaum akawakuta wameketi kwenye vigoda vya chini, na kioo kimefunikwa, kama Wayahudi wanavyoomboleza kwa siku saba. Basi alileta kigoda cha kukamulia ng'ombe, akamketisha Szyfra kando ya jiko. Kile kioo chetu kidogo cha kunyolea akakifunika kwa kipande cha kitani kipya. Kijijini akaonyesha kwa mikono kwamba Marianna ana homa, asitembelewe. Siku saba.

Wajerumani waliondoka Julai iliyofuata. Szyfra alikaa wiki nzima kabla ya kusema neno la kusikika na watu, na lilipotoka lilikuwa limekwaruza kama bawaba isiyotiwa mafuta. Habari ikazunguka kijiji kwa nusu siku. Watu waliokuwa wamesema siri zao mbele yake walipita mbali na uzio wetu.

"Karibu miaka miwili!" Pelagia alimwambia mama, mikono kichwani. "Nimesema kila kitu mbele yake! Hata habari ya maji kwenye maziwa!" Halafu mama alimwona akikumbuka habari za Boruch.

Szyfra alikuwa mlangoni. "Jirani," alisema, "siku ile ulinifuta machozi."

"Sikujua, mwanangu. Haki ya Mungu sikujua."

"Najua hukujua. Nilihitaji mtu, nawe ulikuwapo."

Pelagia alikwenda nyumbani bila kuaga, na tangu siku hiyo alijifunza kubisha hodi. Lakini si wote waliokuwa Pelagia. Vuli hiyo jiwe lilipita dirishani kwetu, limefungwa karatasi yenye matusi kwa nyumba iliyofuga Myahudi. Baba aliichoma, akaweka kioo kipya, na sisi tuliozaliwa baadaye tukafunzwa kutolitaja jambo hili mbele za watu. Mwaka wa arobaini na tano Szyfra alikwenda mji wa Łódź, akapata kazi ya kufuma kiwandani.

"Mashine mia nne chumba kimoja," alituhadithia. "Hakuna anayemsikia mwenzake, wanawake wote wanaongea kwa mikono. Mgeni analia wiki ya kwanza. Mimi nilifika nikajiona nimerudi nyumbani."

Huko akaolewa na Natan, fundi saa aliyenusurika vita akiwa Siberia, wakapata wana wawili. Mimi nilizaliwa mwaka wa arobaini na saba. Kila Agosti alikuja kwetu kukaa wiki mbili, na kwa kuwa kutwa alikuwa na Apolonia, wakisengenya kwa mikono kwenye benchi la uani, mimi niliamini ni shangazi yangu mwingine kiziwi. Nilikuwa na miaka mitano nilipopanda juu ya kisima, naye akanipigia kelele: "We Teodora! Shuka hapo, utavunjika shingo!" Nilikimbilia ndani nikimwambia mama kwamba muujiza umetokea. Walicheka mpaka mama akashika meza.

Mwaka wa sitini na nane, watu wa Szyfra walipoanza kuambiwa magazetini na kazini kwamba hapa si kwao, alihamia Sweden na familia yake. Alikuja kuaga. Apolonia alimpa shuka mbili za kitani, akamwonyesha namna ya kuzifua, akamrudia tena na tena kana kwamba Szyfra hakuwahi kufua maishani. Kituoni hawakukumbatiana kwa muda mrefu, maana mtu akikumbatia hawezi kuongea kwa mikono. Waliongea mpaka treni ikapinda, mmoja dirishani, mmoja kwenye jukwaa.

Apolonia hakujua kusoma. Nilijiuliza watawasiliana vipi. Baada ya miezi mitatu ikaja bahasha nene. Ndani hakukuwa na barua. Kulikuwa na picha kumi na tatu, zimeandikwa namba nyuma, mwanawe ndiye aliyezipiga: Szyfra amekaa mezani, na katika kila picha mikono yake imeshika ishara moja. Nilizipanga mezani kwa mstari. Apolonia alivaa miwani, akapitisha kidole kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho, akarudi mwanzo.

"Anasemaje?" mama aliuliza, ingawa naye alikuwa anaona.

Baridi, ilisema mikono. Samaki wengi, viazi vibaya. Watoto wazima. Natan anakohoa. Shuka nzuri. Wewe unakula?

Wiki ileile nilimpeleka mjini kwa mpiga picha. Alikuwa amevaa kilemba chake cha kanisani, na alikataa kuketi. Mpiga picha alimwomba atabasamu, nikamwambia asisumbuke, hasikii, na hata angesikia asingetaka. Tulipiga picha tisa. Ya nane ilitoka imefifia kwa sababu mikono ilikuwa inakwenda haraka mno, lakini Szyfra aliandika baadaye, kwa mama, kwamba hiyo ndiyo aliyoielewa vizuri kuliko zote.

Walitumiana bahasha hivyo kwa miaka tisa. Apolonia alifariki Februari, kitandani mwake, siku ambayo asubuhi yake alikuwa amegombana na mama kuhusu supu ya kabichi. Szyfra alipata ruhusa ya kuingia nchini mwezi Mei. Alikuja peke yake, mzito wa miguu, akalala katika kijichumba cha mtambo, na kila asubuhi alikwenda makaburini na kigoda, akaketi. Nilimfuata siku moja na chai kwenye chupa. Nilimkuta anaongea, kwa mdomo na kwa mikono kwa pamoja, anamweleza Apolonia habari za mjukuu aliyezaliwa. Nilisubiri amalize, kisha tukanywa chai.